Mpira mmoja mbaya huvuruga meza nzima: Namna ya kuchagua, kusafisha na kutunza mipira ya snuka

Likasi. Mizozo mingi kwenye meza ya biliadi huanza na mpira mweupe. Mchezaji amelenga vizuri, fimbo imegonga katikati, mpira mwekundu umeingia mfukoni kama ilivyotakiwa. Lakini ule mweupe, badala ya kusimama, unaendelea kutambaa taratibu hadi nao unatumbukia. Aliyepoteza anasema meza imeinama. Aliyeshinda anasema mwenzake hajui kucheza. Ni mara chache mtu kuuinua mpira wenyewe na kuukagua.

Kamatanda, kando ya mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, ni eneo linalojulikana kwa uchimbaji wa mikono wa shaba na kobalti. Katika maeneo ya migodi kama hili, dau linalowekwa ukingoni mwa meza linaweza kuwa jasho la siku nzima shimoni. Mwenye meza naye hula kwa idadi ya michezo inayochezwa. Meza ikishapata jina baya, wateja huhamia kwa jirani, na jina hilo haliondoki kwa siku moja.

Meza nzuri huchaguliwa mara moja, lakini mipira yake inahitaji uangalizi kila siku. Mpira uliochakaa huonea mchezaji mmoja na kumpendelea mwingine bila wao kujua, na mpira mchafu hula nguo ya meza polepole mpaka siku inapochanika. Kuzuia hasara hizo hakuhitaji mtambo wala fundi wa kutoka mbali. Kunahitaji kitambaa safi, maji, sabuni kidogo na mazoea.

Mpira uliotoka mdomoni mwa tembo

Kabla ya kueleza namna ya kuchagua mpira, ni vizuri kujua ulikotoka, kwa sababu historia yake inapita karibu sana na Likasi.

Katika karne ya 19, mipira bora ya biliadi barani Ulaya na Marekani ilichongwa kwa pembe za ndovu. Pembe za Afrika Mashariki zilizouzwa Zanzibar zilisifiwa kwa kuwa laini na rahisi kuchongwa, na sehemu kubwa ilikwenda kutengeneza vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Kaskazini mwa Likasi, huko Bunkeya, ndiko alikotawala Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi aliyejenga himaya kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa. Misafara ilielekea mashariki hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na magharibi hadi Benguela. Msiri aliuawa Desemba 20, 1891, mbele ya msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Gharama ya mchezo huo ilikuwa kubwa. Pembe moja nzuri ilitoa mipira mitatu hadi mitano tu, kwa sababu mpira ulipaswa kuchongwa katikati kabisa ya pembe ili uzito wake usielemee upande mmoja. Seti ya snuka ina mipira 22. Ukipiga hesabu, seti moja ya pembe ilihitaji tembo watatu au wanne.

Pamoja na gharama hiyo, pembe haikuwa kitu cha kutegemewa. Ilinyonya unyevu, ikatanuka upande mmoja, ikapasuka hali ya hewa ilipobadilika ghafla. Mipira ilipaswa kuwekwa muda mrefu ikauke kabla ya kuchezewa, na baadaye kuchongwa upya ili irudi kuwa duara. Kila ilipochongwa, ilipungua.

Pembe zilipoanza kuwa adimu, kampuni ya Phelan & Collender ya New York ilitangaza katika miaka ya 1860 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuzibadili. Mmarekani John Wesley Hyatt alikuja na seluloidi, plastiki ya mwanzo iliyokuwa na tabia ya kushika moto kirahisi. Baadaye, mwaka 1907, Leo Baekeland, mwanakemia mzaliwa wa Ghent nchini Ubelgiji aliyehamia Marekani, aligundua resini ya fenoli iliyopewa jina la Bakelite. Resini za ukoo huo ndizo zinazotengeneza mipira bora mpaka leo.

Leo mipira inayotumika katika mashindano makubwa duniani hutoka katika kijiji cha Callenelle, Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Saluc kinachotumia jina la biashara la Aramith. Nchi iliyoitawala Kongo hadi mwaka 1960 sasa ndiyo inayoiuzia dunia mpira usiomgharimu tembo uhai wake.

Jua kwanza meza yako

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kudhani mpira wowote unafaa meza yoyote. Kuna aina tatu zinazochanganywa sana.

Snuka kamili huchezwa kwenye meza ya futi 12 kwa mipira 22: mmoja mweupe, myekundu 15, na sita ya rangi, yaani wa manjano, wa kijani, wa kahawia, wa bluu, wa waridi na mweusi. Kanuni zinataka kila mpira uwe na kipenyo cha milimita 52.5, na tofauti isizidi milimita 0.05. Katika seti moja, uzito wa mipira haupaswi kupishana kwa zaidi ya gramu tatu.

Aina ya pili ni biliadi ya Kimarekani yenye mipira ya namba. Mipira yake ni mikubwa zaidi, milimita 57.15, na huwa na uzito wa kati ya gramu 156 na 170.

Aina ya tatu ndiyo inayoonekana zaidi katika baa: meza ndogo ya kutumbukiza jetoni au sarafu, yenye mipira ya milimita 51 hivi, mara nyingi myekundu na ya manjano. Katika nyingi ya meza hizo, mpira mweupe hutengenezwa ukiwa tofauti kidogo kwa ukubwa au uzito ili meza iutambue na kuurudisha unapoingia mfukoni.

Kabla ya kununua, pima mpira wa zamani na uangalie mifuko ya meza. Mpira wa Kimarekani kwenye meza ndogo utakwama mdomoni mwa mfuko. Ule mdogo kwenye meza kubwa utaingia hata kwa pigo ambalo halikustahili.

Resini ya fenoli au poliesta?

Sokoni kuna mipira ya aina kuu mbili. Ya bei nafuu hutengenezwa kwa poliesta au plastiki nyingine. Ya bei kubwa hutengenezwa kwa resini ya fenoli, ambayo humiminwa kwenye kalibu, hukaushwa kwa joto, husagwa hadi iwe duara kamili kisha hung'arishwa. Kiwanda cha Callenelle kinasema kazi hiyo huchukua siku 23.

Kwa macho, mipira mipya ya aina zote mbili hung'aa. Tofauti huonekana baada ya miezi. Mpira unapopigwa kwa nguvu huteleza kwanza juu ya nguo kabla ya kuanza kuviringika, na mahali unapogusa nguo hapo hupata joto kali kwa kitambo kidogo sana. Resini ya fenoli huvumilia joto hilo. Plastiki dhaifu huungua kidogo kidogo, ikabaki na madoa na mikwaruzo, na uso huo uliokwaruzika hugeuka msasa juu ya nguo ya meza.

Hivyo mwenye baa asitazame bei ya seti peke yake. Aongeze na bei ya nguo ya meza, na siku ambazo meza itasimama ikisubiri kubadilishwa nguo. Kwa meza inayochezewa kila siku, seti ya bei rahisi inaweza kuwa ndiyo ghali. Kwa meza ya nyumbani inayochezewa Jumapili tu, poliesta safi inatosha.

Majaribio manne ya kufanya dukani

Usiamini boksi. Jina kubwa linaweza kuchapishwa kwenye karatasi yoyote. Fungua, toa mipira yote, kisha fanya haya.

Kwanza, jaribio la kioo. Panga mipira mitatu kwa umbo la pembetatu mezani, weka wa nne katikati yake, kisha weka juu yake kipande cha kioo bapa. Mipira ikiwa sawa, kioo kitaigusa yote. Wa katikati ukiwa mdogo, unaweza kuuzungusha chini ya kioo bila kukwama; ukiwa mkubwa, kioo kitayumba. Badilisha mmoja mmoja mpaka seti nzima ipite. Fundi mwenye kalipa anaweza kupima kwa uhakika zaidi, lakini kioo kinatosha kukuonyesha mpira uliotofautiana.

Pili, mzani. Mzani mdogo wa jikoni wa kidijiti unafaa. Pima mpira mmoja mmoja na uandike. Mpira wa snuka huwa karibu gramu 140. Namba yenyewe si muhimu kama kulingana: mipira yote ya seti isogeleane, na mweupe usiache wenzake mbali.

Tatu, mviringiko. Weka kioo sawasawa mezani, sukuma mpira polepole na uutazame unapokaribia kusimama. Mpira wenye uzito ulioelemea upande mmoja hupinda mwishoni. Rudia mara kadhaa ukiugeuza. Ukipinda upande huo huo kila mara bila kujali umeugeuza vipi, basi kioo ndicho kilichoinama, si mpira.

Nne, macho na masikio. Pitisha kidole: pasiwe na mshono, kishimo wala ncha. Kama mipira ina namba, namba iwe imezama ndani ya mpira, si rangi iliyopakwa juu. Gonganisha miwili taratibu. Resini ngumu hutoa mlio mkavu na mfupi. Plastiki laini hutoa sauti butu.

Kwa nini mpira mweupe huleta ugomvi

Mpira mweupe ndio unaopigwa kila zamu, kwa hiyo ndio unaochakaa mapema. Ukipotea au ukimeguka, wengi hununua mmoja peke yake, wowote unaopatikana. Hapo ndipo matatizo huanza.

Mipira miwili yenye uzito sawa ikigongana uso kwa uso, na mweupe ukiwa unateleza bila kuzunguka, mweupe husimama palepale na wa pili huondoka. Mweupe ukiwa mzito kuliko mwenzake, huendelea mbele. Ukiwa mwepesi, hurudi nyuma kidogo. Mchezaji aliyezoea meza hiyo anajua kasoro na anaitumia. Mgeni hajui, na anapoteza pesa kwa jambo ambalo si kosa lake.

Kwa hiyo ukinunua mweupe mpya, beba mitatu ya ile ya zamani uende nayo dukani. Linganisha ukubwa kwa kioo na uzito kwa mzani. Kwenye meza ya jetoni, hakikisha pia mweupe unafanana na ule wa awali, la sivyo meza haitaurudisha. Na ikiwa mwenye meza anajua mweupe wake umetofautiana, uungwana ni kuwaambia wachezaji kabla dau halijawekwa.

Vumbi na chaki, maadui wa kila siku

Chaki ya bluu inayopakwa kwenye ncha ya fimbo si chaki ya ubaoni. Tangu William Spinks na William Hoskins walipobuni aina yake ya kisasa nchini Marekani mwaka 1897, imekuwa na chembe ngumu za kukwaruza zinazosaidia fimbo isiteleze. Chembe hizo huhamia kwenye mpira, kisha kwenye nguo.

Katika eneo la migodi huongezeka vumbi la barabara na la mawe. Vumbi la namna hiyo mara nyingi lina chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko resini yoyote ya mpira. Changanya na jasho la mikono na tone la bia, utapata unga unaonata unaokwaruza mpira na nguo kwa pamoja.

Uchafu pia hubadilisha mchezo. Chembe ya chaki ikikaa mahali mipira miwili inapogusana, mipira hung'ang'aniana kwa kitambo kidogo, ule unaolengwa ukaruka au ukapinda njia. Ndiyo maana katika snuka ya mashindano mchezaji anaruhusiwa kumwomba mwamuzi asafishe mpira. Mwamuzi huweka kwanza alama mahali ulipokuwa, huufuta, kisha huurudisha palepale.

Jambo moja la afya: usipulize vumbi kwa mdomo wala kulipangusa kavu usoni mwa wateja. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leuven na Lubumbashi walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofanywa Kasulo, mjini Kolwezi, ulioonyesha kuwa wakazi wa jirani na uchimbaji, hasa watoto, walikuwa na viwango vikubwa vya kobalti mwilini, na vumbi lilitajwa kuwa njia mojawapo. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kioshe kitambaa hicho.

Namna ya kuosha

Kila siku, kabla ya kufungua na baada ya kufunga, futa mipira yote kwa kitambaa laini cha pamba au maikrofaiba. Fulana ya zamani ya pamba inafaa, ilimradi haina mchanga. Mchezo ukiwa mrefu, futa mweupe kati ya mchezo na mchezo.

Mara moja kwa wiki, au mapema zaidi wakati wa kiangazi chenye vumbi jingi, osha seti nzima hivi:

Tandika taulo ndani ya beseni la plastiki ili mipira isigongane na beseni. Mimina maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Suuza kila mpira kwanza ili mchanga utoke, ndipo usugue kwa kitambaa. Ukianza kusugua ukiwa na mchanga, utaukwaruza. Usiiache mipira ikilowa kwa saa nyingi. Suuza kwa maji safi, futa mmoja mmoja, kisha iache kivulini ikauke kabisa. Kazi hii ifanyike mbali na meza, kwa sababu tone la sabuni kwenye nguo huacha doa na kubadilisha mwendo wa mpira.

Ukitaka kung'arisha, tumia dawa iliyotengenezwa kwa mipira ya resini, kidogo tu, kisha futa hadi kitambaa kisitoke na kitu.

Mambo ya kuepuka

Usitumie msasa, unga wa kusugulia sufuria, majivu wala dawa ya meno. Vyote hukwaruza, na mkwaruzo haurudi nyuma.

Usitumie petroli, tina ya rangi, jiki au javeli. Huweza kuharibu uso wa mpira na rangi yake.

Usipake nta ya gari, mafuta ya kupikia, rangi ya viatu wala dawa ya kung'arisha samani. Mpira utapendeza jioni hiyo, lakini utateleza vibaya na kukusanya vumbi maradufu kesho yake.

Usianike juani. Jua na joto hubadilisha rangi, hasa ya mweupe, ambao hugeuka manjano. Na usiache watu waangushe mipira kwenye sakafu ya saruji. Mkeka kuzunguka meza ni rahisi kuliko mpira mpya.

Usisahau nguo na njia za ndani

Mipira safi kwenye nguo chafu huchafuka kwa mchezo mmoja. Piga nguo brashi kila siku kwa kufuata uelekeo mmoja. Kwenye meza ya snuka yenye nguo ya manyoya, brashi huanzia upande wa kuanzia mchezo kuelekea upande wa mpira mweusi. Ukifunga baa, funika meza kwa shuka.

Meza ya jetoni ina siri nyingine. Mipira ikiingia mfukoni hupita ndani kwenye njia ya mbao au plastiki, na njia hiyo hujaa vumbi miaka na miaka bila mtu kuitazama. Kila unapofungua meza kutoa jetoni, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu.

Lini useme basi?

Mpira uliomeguka hauna tiba. Gundi hubadilisha uzito na umbo. Uondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu ncha yake hukata nguo. Mpira wenye mikwaruzo isiyotoka, madoa ya kuungua au unaopinda kwenye kioo nao umemaliza kazi.

Andika uzito na tarehe siku unayonunua seti, ubandike karatasi ndani ya boksi, kisha pima tena kila mwaka. Ukikuta mipira mingi imetofautiana, badilisha seti yote badala ya kubahatisha mmoja mmoja. Ya zamani ambayo haijameguka wape vijana wajifunzie.

Karatasi hiyo inaweza pia kumaliza ugomvi. Siku mchezaji atakaposema ameonewa, mwenye meza hatahitaji kuapa. Atatoa mzani na kipande cha kioo, wapime mbele ya wote, na mchezo uendelee.